Pedali ya redio: pita kwa fundi wa maikrowevu kabla ya kuagiza nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wenzangu wa redio ya ridhaa (tunaozungumza hewani kwa kujipendea, si kwa biashara), hasa wanaoanza, juu ya swichi ya mguu ya kurushia, yaani pedali unayoikanyaga ili redio itume sauti yako hewani. Imani iliyoenea ni kwamba pedali hii lazima iagizwe Ulaya au Marekani, iwe na jina la kampuni ya redio, na ilipiwe makumi ya dola kabla hata ya usafirishaji na ushuru. Fedha hiyo ni heri ikanunue waya wa antena. Ndani ya pedali ya bei ghali mna swichi inayokutanisha nyaya mbili ukikanyaga na kuziachanisha ukiinua mguu. Swichi za namna hiyohiyo zimejaa katika maduka ya vifaa vya umeme na ndani ya maikrowevu mbovu zilizorundikwa kwa mafundi.

Si kila mtu anaihitaji. Anayepiga soga dakika chache jioni anatoshwa na kitufe cha maiki. Pedali inamfaa anayeandika logi (daftari la mawasiliano yake) kwa mkono mmoja huku mwingine ukizungusha masafa, anayekesha kwenye mashindano akiwa amevaa hedseti, na mtu ambaye vidole vyake haviwezi kubana kitufe kwa muda mrefu kwa sababu ya ulemavu au baridi yabisi. Wapo wanaosema tumia VOX, redio ijirushe yenyewe ikisikia sauti. VOX ni nzuri katika chumba kimya. Kwenye nyumba zetu zenye feni, jogoo na bodaboda dirishani, redio itawarushia watu kelele za mtaa mzima.

Ukitaka kujua ununue nini, anza na redio yenyewe. Iwashe, upime kwa mita kati ya pini ya PTT (ile inayoamrisha redio irushe) na ardhi (upande hasi wa redio): utakuta volti chache za DC, mara nyingi 5 au 8, zinazopitia rezista ndani ya redio. Kurusha ni kuigusisha pini hiyo na ardhi, basi. Mkondo unaopita ni miliampia chache, kwa hiyo hata swichi ndogo kabisa inaumudu. Pedali yoyote itafaa ikitimiza mambo matatu. Iwe ya kukanyaga na kuachia, ikatike yenyewe mguu ukiinuka. Ikae imekatika na iunge ikikanyagwa. Mguu wa swichi (pini ya kuungia waya) wa namna hiyo huandikwa NO, na wa kinyume chake, unaokatika ukikanyagwa, huandikwa NC. Na nyaya zake zisiwe zimeshikana na kitu kingine ndani: si umeme wa ukutani, si rezista, si sakiti. Nenda dukani na mita iliyowekwa kwenye mlio. Bila kukanyaga, kimya, ukikanyaga, inalia, ukiachia, kimya tena. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo mwache na pedali yake.

Sasa tuingie madukani. Maduka ya vyombo vya muziki yanauza pedali ya kinanda, ile ya kurefusha sauti, inayotumiwa makanisani na kwenye bendi. Ni imara, haitelezi sana, na ina plagi ya milimita 6.35 ambayo soketi yake ni rahisi kupatikana. Tatizo lake ni moja: baadhi zinaunga zikikanyagwa na baadhi zinakatika zikikanyagwa. Yamaha FC5, kwa mfano, ni ya kukatika; ukiichomeka kwenye redio itaanza kurusha hapohapo na itanyamaza ukikanyaga. M-Audio SP-2 ina kiswichi chini cha kugeuza, na ndiyo namna ya kutafuta. Ukishanunua ile ya kinyume, fungua skrubu za chini uangalie. Ikiwa ndani mna swichi ndogo ya miguu mitatu, hamisha waya mmoja kutoka NC kwenda NO na kazi imekwisha. Ikiwa ni vibati viwili vinavyogusana, itakubidi uvipinde upya, na hapo sioni faida. Usichukue ile ya kupandisha na kushusha sauti, maana ndani yake ni kizungusho cha rezista, hakuna swichi.

Pedali za gitaa zenye kitufe cha chuma ziache. Nyingi ni za kung'ang'ania: bonyeza mara moja inaunga, bonyeza tena ndiyo inakatika. Mguu ukiondoka redio inabaki hewani, na wewe umeshaanza kumsimulia mkeo mambo ya nyumbani huku watu wa masafa ya 7 MHz wakisikiliza kwa makini.

Pedali ya cherehani ya umeme inapatikana kwa wingi na ndiyo inayowapoteza wengi zaidi. Kazi yake ni kupunguza na kuongeza mwendo wa mota. Za zamani zina rezista ya kaboni ndani: ukikanyaga kidogo unapata omu nyingi, ukikandamiza zinapungua. Redio haijui la kufanya na hali hiyo ya kati, hivyo inaingia na kutoka kwenye kurusha kwa mfululizo, tak-tak-tak, na relei yake (swichi ya ndani inayoendeshwa na umeme) inaumia. Zile mpya zina sakiti ya elektroniki ya umeme wa AC, na kwa volti 5 za DC hazifanyi lolote la maana. Lakini gamba la pedali hiyo ni zuri mno: pana, zito, lina springi yake na miguu ya mpira. Inunue mbovu, toa matumbo yote, uweke swichi ndogo ndani. Kata kabisa waya wake wa umeme na uutupe, usije ukaachwa na plagi ambayo mtu mwingine ataichomeka kwenye volti 230 huku upande wa pili ukiwa kwenye maiki yako.

Kwa asiyetaka kushika pasi ya lehemu sana, pedali za viwandani kutoka China, zile zinazoandikwa TFS-1 au TFS-201, ndizo ninazozipendekeza. Hutumika kwenye mashine za kukunja na kutoboa bati, na huuzwa mtandaoni na katika maduka ya vifaa vya viwandani. TFS-1 ni ndogo na nyepesi. Bei yake aghalabu haizidi sana sahani mbili za pilau. TFS-201 ni kubwa na haikimbii chini ya meza. Zinatoka na nyaya tatu: COM (wa pamoja), NO na NC. Usiamini rangi, hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Tafuta kwa mita jozi inayolia ikikanyagwa tu, na waya wa tatu ukate uwe mfupi kuliko mingine na uufunge utepe. Waya unaokuja nayo ni mfupi na hauna shildi (wavu wa chuma unaouzunguka kuzuia mawimbi). Ufungue, uweke wako.

Pedali za USB ni jambo jingine. Zinapeleka herufi kwenye kompyuta kana kwamba umebonyeza kibodi, na redio haisomi herufi. Kama redio yako inaendeshwa na programu ya kompyuta zinafaa, vinginevyo pita.

Nije kwenye ya kujitengenezea, ambayo kwa maoni yangu inazizidi nyingi za dukani. Milango ya maikrowevu ina swichi ndogo, kwa kawaida mbili au tatu, za mwili wa milimita 28 kwa 16 hivi, na zinaandikwa ampia 15 au 16. Mwombe fundi akutolee. Usiifungue maikrowevu mwenyewe: kapasita yake hubeba volti zaidi ya 2,000 na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani. Swichi nyingine zina miguu miwili tu, na moja kati yao mara nyingi ni ya NC, basi pima kabla ya kuondoka. Kama hupati, swichi ya kengele ya mlango ya duka lolote la umeme nayo ni ya kubonyeza na kuachia. Ila plastiki yake haikuumbwa kubeba mguu, kwa hiyo vizuizi nitakavyovieleza ni vya lazima kabisa kwake.

Chukua plaiwudi ya milimita 18. Ubao wa chini uwe sentimita 35 kwa 15, wa juu 25 kwa 12. Unganisha kwa bawaba upande wa kisigino, si upande wa vidole. Hili watu hulikosea: bawaba ikikaa mbele, mguu mzima unaning'inia hewani na baada ya saa moja paja linatetemeka. Bawaba ikiwa nyuma, kisigino kimetulia na kinachofanya kazi ni nyayo tu. Swichi ifunge kwa skrubu mbili nyembamba za milimita 3 kwenye kipande cha mbao kilichosimama chini ya upande wa vidole, kitufe chake kikitazama juu. Kandokando yake weka vizuizi viwili vya mbao. Hivyo ndivyo vitakavyobeba uzito wa mguu. Swichi isibebe kitu. Urefu wa vizuizi upate kwa kujaribu: weka vipande vya kadibodi juu ya vizuizi, shusha ubao polepole, usikie "tik", na ubao ukome ukiwa umeshuka kama milimita moja zaidi. Ukikoma kabla ya mlio, punguza kadibodi. Ukipita sana, swichi itapasuka wiki ya kwanza.

Kwa kurudisha ubao juu, springi ya kalamu ni dhaifu, na sponji ya godoro hulala baada ya muda mfupi. Kipande cha soli ya kandambili kinafanya kazi vizuri na hakichoki upesi. Kiweke karibu na bawaba pedali iwe laini, kisogeze kuelekea vidole iwe ngumu. Kipimo chake ni hiki: mguu ukitulia juu ya pedali bila kukusudia, redio isirushe. Chini ya ubao gundisha mpira wa tyubu ya tairi, maana kwenye sakafu ya vigae pedali nyepesi hukimbia, na mwisho unaifukuza kwa mguu meza nzima.

Waya ndio mahali pa kutumia fedha. Nunua waya wa maiki wenye shildi na msingi mmoja (uzi wa katikati), mita 2 au 2.5, si zaidi. Msingi uende NO. Shildi iende COM, na kama gamba ni la chuma iguse pia gamba. Mahali waya unapoingia kwenye pedali ufunge kwa kamba ya plastiki kwa ndani, kwa sababu hapo ndipo unapokatika, kila mara, na hukatika ndani ya gamba la mpira bila kuonekana.

Upande wa redio, soma namba zilizochapwa kwenye plagi yenyewe wala usihesabu kwa macho. Katika plagi ya mviringo ya pini 8, watengenezaji Icom wanaweka PTT kwenye pini ya 5 na ardhi yake ya 6. Kenwood ni pini ya 2, ardhi ya 8. Yaesu ni pini ya 6, ardhi ya 5. Kwa hiyo adapta ya rafiki yako mwenye Kenwood usiichomeke kwenye Icom yako. Pini ya 2 ya Icom inatoa volti 8, na pedali inaweza kuipiga shoti. Pedali inakaa sambamba na kitufe cha maiki, kila kimoja kinafanya kazi bila kukisumbua kingine.

Usipotaka kugusa plagi ya maiki, pitia nyuma ya redio. Yaesu za mezani kama FT-1000MP zina tundu la RCA lililoandikwa PTT, na hapo unachomeka tu. Icom IC-7300 ina soketi ya ACC (ya vifaa vya nyongeza) ya pini 13: SEND, ambayo ndiyo PTT yake, ni pini ya 3, ardhi ni ya 2. Pini ya 8 ya soketi hiyo inatoa volti 13.8, kwa hiyo tone la lehemu lililomwagika linaweza kukugharimu. Kwenye Kenwood kama TS-850, soketi ya ACC2 ina sehemu mbili za kurushia: pini ya 13 inaacha maiki ikiwa hai, pini ya 9 inaizima, kwa sababu iliwekwa kwa ajili ya data. Anayetumia ya 9 huona redio inarusha, sindano ya nguvu haitikisiki kwenye SSB (njia ya kurusha sauti), na anaanza kuilaumu maiki isiyo na kosa.

Wenye redio za mkononi za Baofeng UV-5R hawakuachwa nyuma. Plagi yake ina vichwa viwili, cha milimita 3.5 na cha 2.5; kukutanisha mashina ya vichwa hivyo viwili, ile sehemu ya chuma iliyo karibu na plastiki, ndiko kurusha. Kata waya wa spika-maiki iliyokufa, utapata plagi bila kununua.

Kisha kuna hitilafu. Ya kwanza inatisha kuliko zote: umeachia pedali, redio haitaki kurudi kupokea. Punguza nguvu kutoka wati 100 hadi 10 ujaribu tena. Tatizo likitoweka, waya wa pedali unaokota mawimbi ya antena yako mwenyewe na kuyaingiza redioni. Lehemu kapasita ya seramiki ya nanofaradi 10 kati ya PTT na ardhi, karibu kabisa na plagi ya redio, kisha zungusha waya mara 6 hadi 8 kwenye pete ya feraiti (pete nyeusi inayozuia mawimbi ya redio kupita kwenye waya), aina namba 31 ikipatikana kwa masafa ya HF (mawimbi mafupi). Bonge la feraiti lililo kwenye kebo ya skrini ya zamani ya kompyuta linasaidia kwa kiasi, ukilipasua plastiki na kupitisha waya mara nyingi. Lakini kama tatizo linabaki hata kwa wati 10, acha feraiti, fungua pedali: swichi imekwama au waya umegusana.

Ya pili ni ya sisi wa pwani. Swichi za ampia 10 au 15 zina ncha za fedha zilizotengenezwa kwa mikondo mikubwa, na mkondo mkubwa wenyewe ndio unaochoma uchafu kila zinapogusana. Miliampia chache za redio hazina nguvu hiyo. Hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja ikishaingia, ncha zinavaa ukungu mweusi: unakanyaga, kimya, unakanyaga tena, inashika. Dawa ya kusafishia ncha za umeme inatibu kwa muda. Mafuta ya kulainisha yanazidisha, maana yanakusanya vumbi. Ukinunua mpya, tafuta swichi iliyozibwa au yenye ncha za dhahabu. Njia nyingine ni kuiachia pedali iendeshe relei ndogo ya volti 12 iliyozibwa, ambayo koili yake inavuta kama miliampia 30, halafu relei ndiyo iguse PTT. Usisahau diodi ya 1N4007 sambamba na koili, mstari wake ukiwa upande wa chanya.

Ya tatu inahusu wenye amplifaya za zamani za kuongeza nguvu ya kurusha. Usijaribu kuiunga PTT ya redio na waya wa relei ya amplifaya kwenye swichi moja. Heathkit SB-220 inabeba takriban volti 120 za DC kwenye waya huo, na redio ya transista haitapona. Pedali iamrishe redio peke yake. Redio nayo iamrishe amplifaya kupitia relei. Hapo pia unapata mpangilio sahihi, kwa sababu relei ya amplifaya inahitaji milisekunde kadhaa kutulia kabla ya mawimbi kufika. IC-7300 ina menyu ya kuchelewesha kurusha, kutoka milisekunde 10 hadi 30, na ipo kwa sababu hiyo.

Kabla ya kwenda hewani, jaribu kwenye mzigo bandia wa omu 50 (kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena), nguvu ikiwa chini kabisa. Kanyaga mara nyingi kwa haraka, kisha polepole, kisha kwa pembe ya kiatu. Kama redio yako ina saa ya kukatisha urushaji, iweke dakika 3. Na leseni ni ileile ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya. Pedali haina kibali chake wala haikuongezei haki ya masafa yoyote.

Wako,
Mwanaredio wa ridhaa,
Tanga